Mzazi anasema nilimficha hali ya mwanawe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, nina watoto 45. Kazi naipenda na watoto nawapenda, ila wazazi ndio wananikosesha usingizi.

Tulipofunga muhula, mama mmoja alikuja na ripoti ya mwanawe mkononi. Upande wa kusoma nilikuwa nimeandika "anahitaji msaada". Akaniuliza mbele ya walimu wenzangu: "Mwalimu, muhula mzima mtoto anarudi na daftari limejaa vema, leo unaniambia hajui kusoma. Ulikuwa unanificha nini?" Nilikosa jibu. Wala si kwamba nimekaa kimya. Tuna kundi la WhatsApp la wazazi na haipiti siku sijaandika. Nimepekua simu nikuonyeshe: "Kesho waje na penseli za rangi." "Ijumaa tutatoka mapema." "Wazazi, tafadhali wasaidieni watoto kazi za nyumbani." Sasa huyo mama alitaka nimwambie nini zaidi?

Kundi lenyewe limenishinda. Asubuhi ni salamu na picha za maua, mchana mmoja analalamika mwanawe hajasahihishiwa, jioni mwingine anatangaza kwamba wa kwake anasoma mpaka gazeti. Nikimjibu mmoja, kumi wanauliza "na wangu je?" Halafu kuna wale ambao hawamo kabisa. Wengine simu zao ni za batani, na mtoto mmoja analelewa na bibi yake, ambaye aliniita pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kuwa hajui kusoma.

Wazazi wananiambia kila wakimuuliza mtoto "leo mmejifunza nini?" anajibu "hamna". Kwa hiyo nyumbani ama wanaamini hatufundishi kitu, ama wanaamini mambo ni mazuri tu. Na mwalimu mkuu, baada ya kisa cha yule mama, anataka kila Ijumaa niandike ukurasa mzima wa taarifa kwa wazazi.

Naomba unisaidie. Niwaambie nini, mara ngapi, na habari mbaya niifikishe vipi bila mzazi kwenda kumchapa mtoto? Maana hilo la kuchapwa ndilo mara nyingine linanifanya ninyamaze.

Mwalimu Aliyechoka

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Yule mama hakukutendea haki kukusimamisha mbele ya wenzako. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa la haki. Hebu zisome tena jumbe zako tatu. Ya kwanza inahusu vifaa, ya pili inahusu saa, ya tatu ni ombi lisilo na maelekezo. Hayo ni matangazo. Mzazi anaweza kuyasoma yote mwaka mzima, asikose hata moja, na bado asijue kama mwanawe anaweza kuunganisha m na a. Umewaandikia sana, nakubali, lakini kuhusu kujifunza hujawaandikia bado.

Na hizo vema nazo tuziangalie. Daftari la darasa la kwanza linajua kudanganya. Mtoto ananakili sentensi ubaoni, hati imenyooka, mstari haukurukwa, nawe unaweka vema kwa sababu kazi uliyompa ilikuwa kunakili na ameinakili. Nyumbani mama anaitafsiri vema ile kuwa "anajua kusoma". Jaribu hivi: mwambie mtoto wa aina hiyo akusomee alichoandika. Ataighani sentensi yote kwa kichwa, kidole kikiwa kimeshatangulia maneno mawili mbele ya mdomo. Sasa funika sentensi, mwachie neno la katikati peke yake. Macho yatakimbilia picha, kisha yatakuja usoni kwako. Huyo hajaanza kusoma, na daftari lake halina kosa hata moja.

Kwa hiyo kuanzia muhula ujao, pembeni mwa vema andika neno au mawili: "amenakili", "amesoma kwa msaada", "amesoma mwenyewe". Siku ya kikao cha kwanza waeleze wazazi maana ya kila moja. Hilo peke yake lingemwondolea yule mama nusu ya mshtuko.

Sasa, uwaambie nini. Mzazi wa darasa la kwanza ana haja ya mambo matatu tu: wiki hii darasa linashughulikia nini, atajuaje kwamba mwanawe ameshika, na afanye nini nyumbani kwa dakika tano. Dakika tano, mwalimu, si saa nzima. Mzazi aliyerudi kazini amechoka ukimpa nusu saa hatafanya hata dakika moja. Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Wiki hii tunaunganisha sauti mbili kuwa silabi: m na a, ma, s na a, sa. Mtoto aliyeshika atasoma mama, sasa na lala bila kutaja herufi moja moja. Nyumbani, anapovaa viatu, mtamkie sss... aaa, yeye aseme sa. Mkifika silabi tano, inatosha."

Unaona kwamba sikumwambia mzazi "msaidie kusoma". Wazazi wengi wakiambiwa hivyo hufundisha walivyofundishwa wao, na hapo ndipo mnapovutana bila kujua. Wewe darasani unafundisha sauti, mzazi nyumbani anafundisha majina ya herufi. Mtoto anasema "bii, a" halafu anatakiwa atoe ba, anashangaa ile "ii" imepotelea wapi. Mweleze mzazi jinsi ya kuitamka sauti, na kwamba m ni midomo iliyofungwa, si "mu". Kama kundi linapokea sauti, rekodi sekunde ishirini ukiitamka mwenyewe. Ni bora kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Hesabu nazo zina alama zake ambazo mzazi hawezi kuzijua usipomwonyesha. Chukua 8 kujumlisha 3. Mtoto mmoja anahesabu vidole vyote tangu moja mpaka nane, kisha anaongeza vitatu. Mwingine anashika nane kichwani, anaendelea tisa, kumi, kumi na moja. Wote wamepata 11 na wote wana vema, lakini huyu wa pili amepiga hatua kubwa. Mzazi akijua hilo atakuwa na kitu cha kutazama badala ya kuangalia jibu tu. Waambie pia kwamba vidole si aibu. Nimeshaona wazazi wanaomshika mtoto mikono "ahesabu kwa akili", na mtoto anabaki hana pa kushika.

Jambo jingine la kuwatangulia ni herufi zilizogeuka. Mtoto wa miaka sita au saba kuandika b mahali pa d, au kugeuza 3 ikatazama upande mwingine, ni kawaida kabisa, na peke yake si dalili ya ugonjwa wala uzembe. Usiposema mapema, utapata mzazi aliyekwisha kumwita mwanawe majina. Ikiendelea mpaka madarasa ya mbele na kusoma kwenyewe kunamsumbua, hapo ndipo mtakaa na kulitazama upya.

Umeniuliza mara ngapi. Kila siku ni nyingi mno, na ndiyo maana wazazi wako wameshazoea kupita juu ya ujumbe wako bila kuusoma. Marekani, jijini San Francisco, watafiti Benjamin York na Susanna Loeb walilijaribu jambo hili kwa wazazi wa watoto wa miaka minne. Kwa miezi minane waliwatumia ujumbe mfupi wa simu mara tatu kwa wiki: mmoja ukieleza kwa nini ujuzi fulani una maana, wa pili ukisema jambo dogo la kufanya, wa tatu ukiwatia moyo na kuwasogeza mbele kidogo. Wazazi wakaongeza shughuli za kusoma na watoto wao, na watoto wakapanda katika baadhi ya stadi za mwanzo za kusoma. Jaribio la baadaye lililinganisha ujumbe 1, 3 na 5 kwa wiki, na waliopewa 5 ndio waliokuwa wepesi zaidi kujitoa. Kwa hiyo andika mara moja, mwisho wa wiki ukiwa umetulia, kisha ukate vipande vitatu: Jumatatu tunafundisha nini, Jumatano cha kufanya nyumbani, Ijumaa alama ya kutazama. Matangazo ya penseli na saa yaweke siku moja, yote pamoja, na ujumbe wake uanze na neno "Tangazo" ili mzazi ajue anasoma nini.

Ukurasa wa mwalimu mkuu usikutishe. Mpelekee hivyo vipande vitatu vikiwa vimeunganishwa, na kazi ya mtoto mmoja bila jina imebandikwa chini. Akisoma atakubali, shida yake ni malalamiko ofisini, si idadi ya mistari.

Kundi la WhatsApp lifunge, waandike wasimamizi tu. Watanung'unika siku mbili. Sema wazi kwamba swali la mtoto mmoja linakuja kwako faragha na utalijibu saa fulani, si usiku wa manane. Habari ya mtoto mmoja mmoja isiingie kundini kamwe, hata ikiwa ya kusifu, maana ukimsifu mmoja mbele ya wazazi 45 umewaacha 44 wanajiuliza. Picha za watoto vilevile. Kwanza ruhusa ya mzazi, na hata hivyo daftari linaeleza kujifunza kuliko uso unaotabasamu.

Lakini mzazi hatosheki na habari za darasa. Anataka ya kwake, na ana haki. Wewe unasema watoto ni 45, utawamudu vipi? Sikiliza watatu kwa siku. Wakati wengine wanaandika, mmoja anakuja mezani kwako, anakusomea mistari miwili, anakuhesabia kitu kimoja, dakika tatu au nne, anarudi. Watatu kwa siku ni 15 kwa wiki, na kwa wiki tatu umewamaliza wote 45. Yule mdogo asiyesumbua mtu, anayekaa katikati ya darasa na kunakili vizuri, naye zamu yake itafika. Bila utaratibu huo anaweza kumaliza muhula hujamsikia sauti. Nahisi mtoto wa yule mama ni wa namna hiyo.

Ukimaliza kumsikiliza, andika mstari mmoja kwenye daftari lake dogo la mawasiliano: "Leo amesoma mwenyewe maneno ya silabi mbili. Ya silabi tatu bado anakwama katikati. Jaribuni kalamu, kitabu, dirisha." Tarehe, sahihi, basi. Neno "anaendelea vizuri" lifute kabisa kwenye msamiati wako, na "aongeze bidii" pia. Mzazi hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Bidii aiongeze wapi? Vivyo hivyo kumwambia mzazi kwamba mwanawe ni wa 19 darasani. Hiyo inamweleza watoto wa wenzake, haimwelezi wa kwake anajua nini.

Daftari hilo dogo linakusaidia pia kwa wasio na simu za kisasa. Mwanzoni mwa muhula uliza swali moja kwenye fomu: "Jioni mtoto anakuwa na nani?" Mara nyingi si yule aliyeandikwa kama mzazi. Ni dada, ni mjomba, ni bibi. Huyo ndiye wa kuzungumza naye. Kaka au dada wa darasa la tano anaweza kusoma mstari wako kwa sauti na kufanya yale ya dakika tano vizuri tu.

Na yule bibi. Aliyekuita pembeni akakuambia hilo amekuamini sana, usimwaibishe kwa kumpelekea karatasi. Mwambie kazi yake haihitaji herufi hata moja. Mtoto asome kwa sauti kila jioni, bibi asikilize, kisha aulize: "Ni habari ya nani? Ikawaje? Na wewe ungefanyaje?" Mtoto asiyeelewa alichosoma hataweza kusimulia, na bibi atalijua hilo kabla yako. Mwombe pia amsimulie hadithi zake. Maneno ambayo mtoto ameyasikia mara nyingi huyatambua upesi anapokutana nayo kitabuni, na kwa hilo bibi ana hazina kuliko mimi na wewe. Ukikutana naye getini, mwambie habari kwa mdomo, kwa utulivu, kama unavyowaambia wengine.

Kuhusu lile jibu la "hamna": mtoto wa miaka sita hasemi uongo. Siku yake haikugawanyika kwenye "mambo niliyojifunza". Alicheza, alipiga foleni, penseli yake ilivunjika, akaimba silabi. Swali ni pana mno kwake. Wape wazazi swali dogo linalotokana na darasa la siku hiyo: "Nionyeshe mchezo wa kupiga makofi silabi." "Jina langu lina makofi mangapi?" Mtoto atainuka kuonyesha. Na kabla hawajatoka darasani, waulize wewe mwenyewe kwa pamoja: leo tumejifunza nini? Waseme kwa sauti, mara mbili. Wengi watafika nyumbani na jibu mdomoni.

Sasa hilo la habari mbaya, ambalo naona ndilo linakuuma zaidi. Kunyamaza ili mtoto asichapwe ni huruma, lakini tazama imefikia wapi: habari imekuja siku ya ripoti, yote kwa mkupuo, mama amepandwa na hasira, shule imefungwa na wewe haupo kumsaidia. Mtoto yuko kwenye hatari zaidi siku hiyo kuliko angekuwa wiki ya nne. Habari ndogo iliyoletwa mapema haimpi mzazi sababu ya kupandisha mori.

Ukimwita mzazi, mwite peke yake, na usianze na kasoro wala usianze na sifa za kubuni. Anza na jambo ambalo mtoto analiweza kweli na uliweke mezani: "Sauti zote za irabu anazo, na konsonanti kumi na mbili." Kisha sema kinachokwama, kwa jina lake: "Hajaanza kuziunganisha." Kisha sema shule inafanya nini: "Kila asubuhi nitakaa naye na wenzake wanne." Kisha kazi ya nyumbani, moja tu. Mzazi anayeondoka na kazi mkononi hana haja ya fimbo. Na hilo la fimbo liseme waziwazi, usilizungukie: "Mama, ukimchapa kwa ajili ya kitabu, kesho atakiogopa kitabu, na mimi nitakuwa nafundisha mtoto anayeogopa. Huyu si mvivu, kuna hatua moja hajaivuka." Kama una sababu ya kuhofia kwamba mtoto anaumizwa kweli nyumbani, hilo si suala la ripoti tena, lipeleke kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo, mfuate utaratibu wa kumlinda mtoto.

Na mzazi akipewa ukweli ulio wazi, huufanyia kazi. Mchumi Rebecca Dizon-Ross alichapisha mwaka 2019 utafiti alioufanya Malawi. Wazazi wengi walikuwa na picha isiyo sahihi ya uwezo wa watoto wao shuleni, na walipopewa taarifa sahihi walibadili namna ya kuwasaidia. Hata vitabu vya mazoezi walichagua vya kiwango kinachomfaa mtoto. Yule mama angekuwa anamnunulia mwanawe kitabu cha hadithi kumbe anahitaji kadi za silabi, na hangeweza kulijua hilo kwa kuangalia vema.

Sasa yeye mwenyewe. Mpigie kabla shule haijafunguliwa, usingoje akutane nawe getini. Mwambie umefikiria swali lake na unaomba nusu saa wiki ya kwanza, aje na mtoto. Mwanzoni mpe mtoto ukurasa anaouweza ausome mbele ya mama yake, kisha mpe ule unaomshinda, mama aone kwa macho mahali anapokwama. Wewe usiongee wakati huo. Mtoto akitoka kwenda kucheza, mweleze mama silabi tano za kuanza nazo na namna ya kuzitamka, mwache ajaribu mbele yako mara moja au mbili. Kisha fungua daftari dogo, andika mbele yake mliyokubaliana na tarehe ya kukutana tena, wiki tatu mbele, ambayo ndiyo zamu ya mtoto kukusomea mezani. Akikuuliza kwa nini hukufanya hivi muhula uliopita, mjibu kwamba utaratibu huu ni mpya, umeuanzisha kutokana na swali lake.

Shangazi